Nilivyowafundisha madaktari tarajali utengamao bila mashine hata moja

Nilipoanza kudai kwamba madaktari tarajali, wale waliotoka chuo na bado wako mazoezini, wa hospitali yetu hapa Mtwara wafundishwe utengamao, yaani kumsaidia mgonjwa ajimudu tena, kila mtu alikuwa na ushauri. Subiri kwanza mashine zije. Omba projekta, uwape mihadhara. Mmoja akaniambia usoni kwamba fizio hamfundishi daktari. Huyo sikumjibu. Nimesomea fiziotherapia Moshi, nimeshika miguu ya wagonjwa wa kiharusi na wa uti wa mgongo tangu vijana hawa wakiwa shule ya msingi, na kilichokuwa kinaniuma ni kimoja: mgonjwa anaokolewa vizuri kabisa, presha inashuka, dripu inatolewa, anaruhusiwa, kisha anarudi kwetu baadaye na kidonda cha makalioni cha kulala bila kugeuzwa, kinachoingia ngumi.

Marekani udaktari huu ni ubingwa unaojitegemea, una bodi yake tangu 1947, na daktari akishahitimu chuo huusomea miaka minne. Tarajali wetu ana mwaka mmoja wa kuzunguka idara, na idara yangu haikuwa kwenye mzunguko huo. Kwa hiyo nilijua nitapata muda wa kuiba tu.

Projekta niliijaribu, ili wasiseme sikusikiliza. Ilikuwa mchana, joto la Mtwara mnalijua, na nusu yao walikuwa wametoka zamu ya usiku. Niliwaeleza habari za Ludwig Guttmann, aliyefungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, na jinsi kugeuza wagonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kulivyookoa watu ambao kabla yake walikuwa wakifa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Mwishoni nikauliza: mgonjwa asiyehisi miguu ageuzwe kila baada ya muda gani? Wote: "Saa mbili!" Nilifurahi. Jioni nikapita wodini. Kijana mmoja aliyeanguka kwenye mnazi akaumia uti wa mgongo alikuwa amelala ubavu uleule tangu asubuhi. Projekta nikairudisha ilikotoka.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka watu wakijaribu. Niliwaomba saa yao ya chakula. Kila aliyekuja nilimfunga mkono wa kulia kifuani kwa bandeji ya kuvutika, nikamfunga banzi goti la kulia lisikunje, nikamwambia: sasa kaa kwenye mkeka, ule. Chakula kilikuwa ugali na samaki, nimenunua mwenyewe, pesa si nyingi. Kukaa tu kulichukua muda, mmoja aliangukia ubavu. Walipofika chini, hakuna aliyegusa sahani. Wanatazamana. Mkono uliobaki ni wa kushoto, na kila mmoja wao amelelewa akijua mkono huo kazi yake ni ipi. Binti mmoja wa Newala akasema, "Bora nishinde na njaa." Nikamwambia, "Daktari, simama twende kitanda cha nne."

Kitanda cha nne alikuwepo bibi wa Mikindani. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mkono na mguu wa kulia vimelala, na maneno yamepotea: anaelewa unachosema ila hawezi kukujibu, afasia. Kwenye faili lake palikuwa pameandikwa siku kadhaa mfululizo kwamba hana hamu ya kula, vipimo vimeagizwa, na mpira wa kulishia kupitia puani unafikiriwa. Binti yule akasoma, akamtazama bibi, akapiga goti. "Shikamoo bibi. Unaona haya kula kwa kushoto mbele za watu?" Bibi akafumba macho, machozi yakamtoka, akatikisa kichwa kukubali.

Msikimbilie kijiko hapo. Kwanza tulimpima kumeza: akae wima, maji kijiko kimoja cha chai, usikilize kikohozi na sauti kama imeloa, kisha kingine. Alipita. Tukavuta pazia. Kijiko tulikizungushia mpira wa ndani wa baiskeli kiwe kinene, bakuli tukaliweka juu ya kitambaa kilicholowa lisiteleze. Bibi alikula uji wote, na mpira wa pua haukuzungumziwa tena.

Tangu siku hiyo walinifuata wenyewe. Kipimo cha Barthel cha kuona mgonjwa anajimudu kiasi gani, kile cha mwaka 1965 chenye vipengele kumi na alama 100, nilikuwa nimekihubiri bure. Sasa wakawa wanakijaza bila kusukumwa. Ila niliwaambia wasiishie kwenye fomu. Fomu inauliza ngazi, na nyumba nyingi za kwetu hazina ngazi, zina kizingiti, mchanga na choo cha shimo uani. Uliza hivyo. Uliza pia atafanya kazi gani. Mama mmoja wa Tandahimba lengo lake lilikuwa kuokota korosho, basi mazoezi yake yote yalikuwa kukaa chini, kujisogeza kwa makalio na kunyanyuka kwa kushika shina.

Nyumbani kwa bibi tulikwenda, nauli ya bodaboda tukachanga. Fundi wa mtaani alitoboa kiti cha mbao kikawekwa juu ya tundu la choo. Shida ikabaki mkono: kwa mkono mmoja huwezi kushika kopo na kunawa kwa wakati mmoja. Tarajali mmoja wa kiume, mkimya sana, ndiye aliyefikiria kibuyu chirizi, lile dumu la maji linaloning'inizwa na kuinamishwa kwa mguu, ubao wa kukanyagia ukiwa upande wa mguu wa kushoto, ule wenye nguvu, na sabuni imening'inizwa ndani ya kipande cha chandarua. Wazo hilo sikulitoa mimi, na najivunia kwamba si langu.

Yule kijana wa mnazi naye alitufundisha. Ameumia juu ya pingili ya sita ya kifua, na kwa aliyeumia hapo kibofu kikijaa presha inaweza kupanda ghafla; presha yake ya kawaida ya juu ni 100 hivi. Usiku mmoja ikapanda mpaka 160, kichwa kinapasuka, jasho usoni. Tarajali wa zamu hakuanza na dawa. Alimkalisha wima, akamlegezea nguo, akafuata mpira wa mkojo kwa kidole mpaka akakuta umejikunja chini ya paja. Akaunyoosha, mkojo ukatoka, presha ikashuka. Alinipigia simu usiku huohuo kunieleza, na mimi nikamwamsha mume wangu kumsimulia.

Atakayejaribu, asianze na wagonjwa wengi, achague mmoja. Manesi wa wodi awaombe ruhusa mapema, maana wao ndio watakaogeuza mgonjwa saa nane za usiku. Na bandeji afunge mkono wa kulia, akifunga wa kushoto somo limekufa.

Kundi lililofuata lilipofika, daktari kiongozi wa wodi aliniita mwenyewe kwenye raundi. Mgonjwa akikaribia kuruhusiwa, sasa swali la kwanza ni langu: ataingiaje chooni? Tarajali asipokuwa na jibu, ruhusa inasubiri mpaka kesho yake.