Faini ya treni si yangu, jina ndo langu

Nianze na mwisho kabisa ili msije mkakaa roho juu, kesi ya treni niliyoshtakiwa kwa sababu mtu alitaja jina langu imefutwa na sijalipa hata peni. Naandika kwa sababu tangu nianze kusimulia hii habari kila ninayemwambia ananijibu kuna ndugu yake au rafiki yake yalimkuta kama haya hapa hapa Uingereza, na karibu wote walilipa. Walilipa kitu ambacho hawakufanya! Na mie nusura.

Iko hivi. Kuna mwanamke alipanda treni bila tiketi akashikwa kwenye stesheni moja kusini mwa London, sehemu ambayo mie hata sina shughuli nayo, naishi huku Midlands, nikienda London nashukia Euston naenda kwa dada yangu Wembley, naamkia, narudi. Hana tiketi, hana kitambulisho. Mkaguzi kamuuliza jina, katoa langu. Anwani katoa ya nyumba niliyokuwa nimepanga chumba zamani kabla sijahama. Tarehe ya kuzaliwa katoa siku yangu sawasawa na mwezi wangu sawasawa, mwaka ndo haukuwa wenyewe. Shikeni hapo kwenye mwaka.

Barua zote zikawa zinaenda kule. Nyumba za kupanga vyumba mnazijua, barua zinarundikana chini mlangoni watu wanaziruka tu kama haziwahusu. Bahati aliyebaki pale ni binti mmoja wa Mombasa tulikuwa tunapika pamoja, siku moja kanitumia picha WhatsApp, "dada, samahani, hii ina jina lako na imeandikwa mahakama, nifungue au niiache?" Nikamwambia fungua mwanangu, fungua. Pauni 464.40.

Nilidhani utapeli. Si ndo tunavyofundishwa, barua ya hela usioijua ni utapeli. Lakini hesabu ilikuwa imepangwa vizuri mno kwa matapeli: faini 220, juu yake 88 ambayo ni asilimia 40 ya faini inaenda kwenye mfuko wa waathirika wa uhalifu, gharama za kampuni ya treni 150, na nauli yenyewe 6.40. Hiyo 220 nayo ina stori yake, usipojaza fomu ya kipato wao wanakukadiria unaingiza pauni 440 kwa wiki halafu wanakata nusu. Sijajaza kwa sababu sijaiona. Kwahiyo nilishashtakiwa, nikahukumiwa, nikapangiwa na mshahara, na mie niko zangu kazini nageuza wazee kitandani.

Sasa wengi hapa wanachanganya vitu viwili, ngoja niseme haraka. Kuna ile faini ya papo kwa papo ya treni, England tangu Januari 2023 ni pauni 100 pamoja na nauli, ukilipa ndani ya siku 21 hiyo 100 inakuwa 50, na ukiona umeonewa unakata rufaa ndani ya hizo hizo siku 21. Hiyo bado si kesi. Yangu ilishavuka huko. Kampuni ilinipeleka mahakamani kwa ule utaratibu unaoitwa Single Justice Procedure, mkiona hayo maneno juu ya barua msiiweke kando mkasema nitaisoma wikendi. Ni hakimu mmoja na mshauri wake wa sheria, wamekaa chumbani na makaratasi, wewe haupo, kampuni haipo, hakuna mtu anayekutazama usoni. Unatumiwa barua ya mashtaka uchague: unakiri, unakiri lakini unataka kwenda kuongea mwenyewe, au unakana. Una siku 21. Ukinyamaza hakimu anasoma walichoandika wao peke yao, na mara nyingi unakutwa na hatia. Hawakuulizi kama umenyamaza makusudi au hukuambiwa.

Nyumbani daladala konda akikudai anakudai mbele ya watu, anakujua sura, mkigombana mnagombana na abiria wote wanaingilia, huyu anasema mwache mama wa watu, yule anasema alipe, mkifika kituoni yameisha. Hapa niligombana na mtu ambaye hajawahi kuniona, kuhusu mtu ambaye simwoni.

Na hizi kesi za treni zina historia ya kuvurundwa. Kampuni za reli ziliruhusiwa kutumia huo utaratibu mwaka 2016, zikawa zinawapitishia watu mpaka mashtaka ya sheria ya reli ya 1889 ambayo haikuruhusiwa kupita njia hiyo, mpaka Agosti 2024 hakimu mkuu wa mahakama hizo za chini, Paul Goldspring, akasema ni batili, kesi kama 74,000 hivi. Elfu sabini na nne! Nikafurahi nikajua na mie nimo, kumbe yangu imeandikwa chini ya kanuni ya reli namba 18, ya kupanda bila tiketi, ile bado inaruhusiwa kupita njia hiyo. Ila hiyo sheria ya 1889 nilisoma kidogo ikanichekesha, maana imo humo kwamba kutaja jina la uongo au anwani ya uongo kwa mtu wa reli ni kosa. Yaani mwaka ule ule ambao kwetu Pangani Wajerumani wanamnyonga Abushiri, huku Waingereza tayari walikuwa wanapanda treni bure na kutaja majina ya majirani zao.

Turudi kwenye kesi yangu na presha ya kulipa. Kwenye kikundi chetu cha kina mama cha Jumamosi nilisema, wakubwa zangu wakanionea huruma kweli, kuna mmoja namheshimu sana akaniambia, "mwanangu lipa yaishe, wewe una makaratasi yako ya uraia yanakuja, usianze kugombana na mahakama ya watu." Sikumjibu vibaya, shikamoo yake iko pale pale, lakini hapo hapo kwenye uraia ndo penyewe. Fomu ya uraia inakuuliza kama umewahi kutiwa hatiani, na nikilipa hiyo hela nimekubali hatia, nitaandika ndiyo kwa mkono wangu halafu nianze kueleza kwamba hapana ilikuwa ni ndiyo ya bandia. Nani atanisikiliza wakati huo? Kulipa ndo kungenigombanisha na serikali.

Nilichofanya ni kuapa. Kuna kiapo kinaitwa statutory declaration, ukiapa kwamba hukujua kabisa habari ya kesi mpaka imeshaamuliwa, ile hukumu inakufa na kesi inaanza upya kama vile ndo kwanza umeletewa barua. Una siku 21 tangu siku uliyojua, si tangu siku waliyokuhukumu, hapo watu wengi wanakata tamaa bure kwa kuona tarehe ya barua imeshapita miezi. Unaweza kuapa mahakamani au kwa wakili. Mie nilienda kwa wakili wa barabarani pale karibu na duka la Wasomali, nikidhani ataniambia mamia, kumbe kuapisha ni pauni tano. Hakuna kushika msahafu, unasoma maneno kwa sauti unasaini na yeye anasaini. Akaniambia ukidanganya hapa ni jela. Nikamwambia kaka, nisomee tena hiyo sehemu nataka nimtumie mtu.

Kiapo kikapokelewa, sasa nikaomba ushahidi wa kampuni, na jamani hapa ndo nilikaa chini nikacheka peke yangu. Maelezo ya mkaguzi ukurasa mmoja na nusu. Mwanamke Mwafrika, umri kama miaka 25, nywele za kusuka zenye rangi nyekundu, hereni kubwa. Mie nina miaka 41, navaa hijabu tangu darasa la saba na miwani minene kama kitako cha chupa. Halafu akaandika, sijui kwa kujisifu au vipi, kwamba abiria alipoulizwa tarehe ya kuzaliwa "alitazama simu yake" kisha akajibu. Mtu anatazama simu kujua amezaliwa lini! Na wewe mkaguzi unaandika, unaendelea na mstari unaofuata.

Na ule mwaka. Mwaka alioutaja ni ule nilioweka Facebook. Nilipofungua akaunti nilijipunguzia miaka sita, sijutii, wenzangu wote walifanya hivo. Kwahiyo mwaka huo duniani uko sehemu moja tu, haupo kwenye pasi, haupo benki, haupo kazini. Aliyekuwa anatazama simu alikuwa anatazama ukurasa wangu. Nikawapigia picha ya pasi na picha ya ukurasa nikawatumia kwa imeili, moja chini ya nyingine, na rota ya kazini inayoonyesha usiku ule niliingia shifti saa mbili usiku na meneja kaandika barua kwamba nilikuwepo mpaka asubuhi na nani na nani. Huyo dada kashikwa saa nne kasoro usiku.

Lakini nilikuwa najiuliza walikubalije jina bila kitambulisho. Kumbe wanahakiki, wanapiga simu kuuliza kama jina hilo lipo kwenye anwani hiyo, na langu lilikuwepo, kwa sababu sisi raia wa nchi za Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa kihalali tunaruhusiwa kupiga kura na mie nilijiandikisha nikiwa kwenye nyumba ile. Uraia mwema huo! Walihakiki kwamba jina lipo. Kwamba aliyesimama mbele yao ndo mwenye jina, hicho hakikuhakikiwa na mtu.

Nikawaomba na video, maana wakaguzi siku hizi wanavaa kamera kifuani. Jibu lao nimelihifadhi nitalionyesha wajukuu: kama mtu kwenye video si wewe hatuwezi kukupa picha za mtu mwingine kwa sababu ya sheria ya faragha. Nikajibu, kwahiyo mmekubali si mie? Wakakaa kimya wiki mbili tatu. Na barua zao nyingine zikaendelea kwenda kule kwa yule binti wa Mombasa, baada ya mie kuwapa anwani mpya kwa maandishi, kwenye kiapo, na kwa simu.

Mwishowe ikaja barua ya mistari miwili, kampuni haitaendelea na mashtaka. Hakuna samahani. Hakuna "tumebaini". Nikapiga simu mahakamani kuhakikisha na deni limefutwa kwenye upande wao wa makusanyo, maana hizo ni ofisi mbili tofauti na moja haimwambii mwenzake, ukilala unashtukia wakamata mali wako mlangoni na kesi haipo. Dada wa simu alikuwa mstaarabu, akaniambia imefutwa, nikamwomba aniandikie, akaniandikia. Msikubali neno la simu peke yake.

Sasa swali mnaloniuliza wote inbox, ni nani huyo. Kampuni iliniuliza kama namjua aliyetumia jina langu. Niliwaandikia simjui, na ni kweli kwa maana ya kuapa, sikumwona. Ila wanaojua anwani yangu ile ya zamani na wakati huo huo ni marafiki zangu Facebook hawazidi vidole vya mkono mmoja, na mwenye miaka kama 25 na nywele nyekundu kati yao ni mmoja. Alilala kwenye kile chumba changu kipindi anatafuta kazi, nilimpikia, nilimnunulia koti. Kuna wanaosema nimripoti polisi, kuna wanaosema mtoto wa watu ana makaratasi mabovu ukimtaja umemrudisha kwao. Sijaamua. Nilichofanya mpaka sasa nimeficha tarehe ya kuzaliwa Facebook, yeye kaona, kaniandikia "aunty mbona siku hizi huonekani?" na alama ya moyo. Mwezi ujao kuna harusi Milton Keynes na kina mama wamemweka kwenye kamati ya chakula, na mie nimo.