Meza ya pamoja Mkomani

Siku hizi nachorea ramani zangu kwenye ofisi ya pamoja, yaani watu wa kazi mbalimbali tunagawana sehemu moja ya kufanyia kazi, ndani ya nyumba ya kale mtaani Mkomani, hapa Lamu. Utaratibu huu ulianzia San Francisco mwaka 2005, ila nyumba ya Kiswahili imeupokea vizuri mno: dakani, yaani barazani mlangoni, tunaongea na wageni; kiwanda, yaani ua wa ndani, kinaleta hewa na mwanga; ndani ni kimya. Vyumba ni vyembamba, maana upana unaamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, basi meza zimepangwa safu moja.

Jana hapa ofisini fundi wa chokaa alimweleza mwanafunzi wa usanifu majengo kwa nini saruji huua kuta za matumbawe: unyevu na chumvi hunaswa ndani, mawe yakameguka. Chuoni sikulisikia hilo kamwe! Vyuo vyetu vilete wanafunzi wakae huku muhula mzima.