Vigeu Vitatu, Jina Moja

Mwaka 2014 mimi na mwenzangu mmoja, aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, tulikabidhiwa programu ya kusimamia miadi ya wateja, iliyoandikwa na watu ambao walikwisha kuondoka. Lalamiko lilikuwa la kushangaza: kila mteja, awe amepangiwa kesho au mwezi ujao, alitumiwa ujumbe kwamba miadi yake ni tarehe 17 Januari 1970.

Mwenzangu hakukimbilia kurekebisha chochote. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kuanzia tarehe 1 Januari 1970, baadhi kwa sekunde, mingine kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Sekunde bilioni 1.4 tangu siku hiyo zinafika Mei 2014, lakini namba hiyohiyo ikisomwa kama milisekunde haivuki Januari 1970. Na kwa kuwa kila kitu kimegawanywa kwa 1,000, miadi ya miezi mingi hurundikana ndani ya siku moja. Chanzo kilijulikana basi, ila mahali pake bado.

Tulifungua faili mbili, na katika kila moja palikuwa na kigeu, yaani jina linaloshika thamani ndani ya programu, kilichoitwa «muda». Mstari ulioziunganisha ulisomeka hivi: muda = miadi.muda. Ulionekana safi kabisa, na hapo ndipo hatari yake ilipokuwa, maana jicho halikuwa na sababu yoyote ya kusimama.

«Ndugu yangu,» aliniambia, «usisome unachokijua, soma kilichoandikwa.»

Akapendekeza tubadilishe majina pekee, bila kugusa hesabu hata moja. Tulipomaliza, mstari uleule ulisomeka: miadiMilisekunde = miadi.sekunde. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Tulizidisha kwa 1,000, na tarehe zikarudi mahali pake.

Ningeridhika hapo, lakini yeye alinikumbusha chombo cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kilichoitwa Mars Climate Orbiter, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa takwimu za msukumo kwa kipimo cha pauni ilhali nyingine ilizipokea kama nyutoni, tofauti ya takribani mara 4.45. Namba tupu haisemi ni ya kipimo gani. Kwa hiyo, alisisitiza, jina ndilo linalopaswa kusema, na mimi tangu siku ile sijaona hoja ya kumpinga.

Tuliendelea hadi faili ya ripoti, tukakuta «muda» wa tatu. Huu haukuwa tarehe wala saa, bali idadi ya dakika ambazo mteja alitengewa kuhudumiwa, na kwa bahati nzuri hakuna aliyekuwa ameuchanganya na ile miwili. Tuliuita dakikaZaHuduma, tukaendesha majaribio yote upya, kisha tukafungua faili iliyofuata.