Mjomba na siri za Allidina

Mwaka 2015 mjomba wangu alikuja kukaa nasi Mombasa akingoja kutolewa mtoto wa jicho. Kwa jicho lililobaki alitazama kila kilichowashwa: taarifa ya habari, mieleka, hata vipindi vya mapishi. Usiku mmoja nikaweka The Imitation Game, filamu ya 2014 ambamo Benedict Cumberbatch ni Alan Turing, mwanahisabati wa Kiingereza aliyepambana na Enigma, mashine ambayo Wajerumani waliitumia kuficha ujumbe wao wa vita.

Mjomba alikuwa karani wa shehena bandarini hadi alipostaafu, kwa hiyo zilipotajwa meli zinazozamishwa na nyambizi katika Atlantiki, alijisogeza mbele. Lakini kila Turing alipobaki peke yake na mashine yake, aliguna. "Kazi kama hii haifanywi na mtu mmoja." Alikuwa na haki. Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja siri alikofanya kazi Turing, kilikuwa na maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na Wapoland akina Marian Rejewski walikuwa wameshaipenya Enigma tangu 1932. Filamu imewapa Wapoland nafasi ndogo mno.

Ikafika ile sehemu ya baa, Turing anapong'amua kwamba Wajerumani hurudia maneno yale yale kila siku. Mjomba akapiga kofi pajani. Nikaisimamisha filamu.

"Mjomba, kazi kama hii ilifanyika shuleni kwenu."

"Shule ipi?"

"Allidina Visram."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamweleza. Aprili 1942 ndege za Wajapani ziliishambulia Colombo, na Waingereza wakawahamishia Kilindini, hapa hapa Mombasa, wavunja siri wao wa Bahari ya Hindi waliokuwa huko. Ofisi yao ikawa Allidina. Kusikiliza redio za Wajapani kutoka huku mbali kulikuwa taabu tupu, lakini mwaka huo huo waliivunja JN-40, siri ya meli za biashara za Japani. Mlango waliufunguliwa na Mjapani mwenyewe: alisahau kutaja mahali meli ilipo, na badala ya kutuma hilo peke yake, akaurudia ujumbe mzima kwa ufunguo ule ule wa kuufichia, wavunja siri wakapata jumbe mbili za kulinganisha.

Hapo sikuwa na haja ya kuendelea. Mjomba alikuwa ameandika orodha za shehena maisha yake yote. Alijua kwamba mwenye jina la meli na mahali ilipo ana kila kitu.

"Karani mbaya huyo," akasema. Kisha akakasirika kweli. "Nimesoma pale miaka yote ile, mwalimu hata mmoja hakututajia! Tulikaririshwa wafalme wa Uingereza tu."

Tukamalizia filamu. Turing kuhukumiwa 1952 kwa mapenzi ya jinsia moja, dawa za homoni, kifo chake 1954. Halafu maandishi yakaja kwamba Malkia alimsamehe 2013. "Amsamehe nini?" Mjomba akauliza, huku mkono ukitafuta simu.

Ilikuwa karibu saa sita usiku. Alimpigia rafiki yake waliyesoma naye, na hata salamu hakumpa.

"Wewe, unajua darasani kwetu walikaa kina nani wakati wa vita?"

Sauti ya upande wa pili ilisikika hadi kwangu: "Lala, mzee!" Mjomba akapiga tena.