Sweta ya Gikomba ndani ya chaza

Nilikuwa nikitafuta plastiki ndogondogo ndani ya chaza wa baharini, na iliyonishtua ni chupa ambayo sikuwa nimetia chaza hata mmoja. Chini ya hadubini nilihesabu nyuzi 14 za buluu. Chupa zenye chaza zilikuwa na 15, 17 na 13. Yaani wiki nzima nilikuwa nikipima uchafu wa maabara, si wa bahari.

Chaza walifika Nairobi kwa basi la usiku kutoka Mombasa, wamegandishwa na kufungwa kwa foili. Chaza hula kwa kuchuja maji, lita kadhaa kwa saa, ndiyo maana plastiki ndogondogo humkwama mwilini. Nilitoa nyama kwenye gamba, nikaipima uzito, nikaitia kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, dawa ya kuyeyushia nyama, kisha ndani ya oveni saa 48 kwa nyuzijoto 40. Wengine hupandisha hadi 60 ili wamalize mapema. Mimi sikuthubutu, maana dawa ikipata joto hivyo huweza kula hata poliesta, plastiki ya nyuzi za nguo. Nyama ikayeyuka, ikabaki kama chai ya strungi. Nikaichuja kwa pampu.

Sasa hizo nyuzi za buluu. Fundi wa maabara, mzee asiyependa maneno mengi, alinitazama mkononi.

"Hiyo sweta umeitoa wapi?"

"Soko la mitumba la Gikomba, mzee. Si unaona baridi ya Julai?"

Akakata selotepu, akaigandisha kwenye pindo la mkono wangu lililochungulia nje ya koti, akaiweka chini ya hadubini. Nyuzi zilezile.

Nikaanza upya. Sweta ikabaki kwenye msumari nje ya mlango. Koti la pamba tupu, madirisha yamefungwa, meza imepanguswa kwa spiriti, na kila kimiminika, hata maji ya kusuuzia, nilikichuja kabla ya kukitumia. Kila awamu niliweka chupa tatu zenye dawa lakini zisizo na chaza. Safari hii zilitoa 2, 0 na 1, na chaza wakatoa kati ya 4 na 7, nyingi nyeusi na nyekundu. Kila uzi wa shaka niliugusa kwa sindano ya moto: plastiki hujikunja au kuyeyuka, pamba haifanyi hivyo. Ni plastiki ya aina gani, sindano haisemi; hilo linangoja mashine ya miale ya infraredi, na foleni yake ni ndefu.

Baridi niliikabili kwa vesti tatu za pamba.