Usukani unaogonga: kubadilisha bushi zilizolika kwenye yoti ya zamani

Yoti ikiwa imetia nanga na mawimbi madogo yanaitikisa, mlio hutoka tezini: go, kimya, go. Shika kana, ule mkono wa kuuongozea usukani, mlio unakatika. Hiyo ni shafti ya usukani inayocheza ndani ya bushi zake, yaani vipande vya mviringo vyenye tundu inamozungukia. Kwenye mashua usukani hutundikwa nje, kwenye fashini (mti wa nyuma wa chombo), kwa rumada (bawaba zake), na ukilegea kila mtu anauona. Yoti nyingi za faiba za miaka ya 1970 na 1980 zina shafti inayopita ndani ya bomba, bushi moja chini karibu na maji na nyingine juu karibu na deki. Kilicholika hukioni mpaka usukani ushuke.

Pima kwanza boti ikiwa imepandishwa nchi kavu. Funga kana isisogee, shika ncha ya chini ya usukani, sukuma kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma, mwenzako akiwa ameshika rula. Namba utakayoipata itakutisha bure. Tuseme bushi zimeachana sm 60 na ubao wa usukani unashuka sm 120 chini ya bushi ya chini. Nafasi ya mm 1 kwenye bushi ya chini peke yake inazaa mm 3 kwenye ncha. Mm 1 kwenye ya juu peke yake inazaa mm 2. Zikilika zote mbili kiasi hicho, ncha inacheza mm 5, na wengi hapo husema bushi imekwisha kabisa.

Nyanyua pia usukani kwa jeki ndogo. Usukani wa faiba wenye povu ndani huelea. Nchi kavu unaning'inia, majini unasukuma juu. Kwa hiyo washa ya kuangalia sana ni ile iliyo kati ya ubao na bushi ya chini. Mchezo wa juu na chini wa mm 1 au 2 unatosha.

Kuushusha kunahitaji nafasi chini yake isiyopungua urefu wa shafti iliyo ndani ya boti, ama boti inyanyuliwe, ama lichimbwe shimo. Usijaribu ufukweni. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, hupwa karibu mita 3 Kilifi au Tanga, na hapo unapata muda wa kutosha kupaka rangi ya chini, lakini shimo la mchangani hujaa maji, na bushi ikigoma kutoka, maji yanajaa boti ikiwa na tundu wazi. Kwanza usukani ukae juu ya jeki au ufungwe kamba, ndipo ulegeze nyaya, ufungue kwadranti (kile kipande cha robo duara kinachovutwa na nyaya) na kola ya juu, na uweke alama kila kipande. Wa boti ya futi 34 unaweza kupita kilo 40.

Bushi ya zamani usiipige nyundo. Ingiza ubapa wa msumeno wa chuma ndani ya tundu, kata kwa urefu sehemu mbili zilizo karibu, acha mm 1 usiguse faiba ya bomba, kisha vunja kipande hicho kwa patasi. Iliyobaki itajikunja yenyewe.

Sasa kosa linaloharibu kazi nyingi: plastiki. Fundi wa kerezo atakupa fimbo nyeupe na kukuambia ni ngumu sana. Inaweza kuwa nailoni. Nailoni hunywa maji, na ikishiba hutanuka kwa asilimia 2 hadi 3. Bushi yenye ukuta wa mm 8, kwa kuwa bomba linaizuia kutanuka nje, itapunguza tundu kwa karibu mm 0.4. Usukani uliokuwa laini siku ya kushusha boti unashika baada ya wiki chache. Unachotaka ni asetali, ambayo wengi huijua kwa jina la Delrin. Kwa macho hazitofautiani. Koroga chumvi kwenye glasi ya maji mpaka isiyeyuke tena, tumbukiza kipande: nailoni ya kawaida inaelea, asetali inazama.

Pima shafti kwa vernia kalipa (kifaa cha kupimia unene) sehemu nne au tano, kila sehemu pande mbili, maana hulika kwa umbo la yai. Kwa shafti ya mm 50, tundu liwe mm 50.3. Nje, bushi iingie kwa kusukumwa na mkono. Ukiibana kwa nguvu, karibu kiasi chote ulichoibana nje kinapungua ndani. Epoksi haishiki asetali, kwa hiyo kereza mifereji miwili nje ili epoksi ijifunge humo, halafu ongeza skrubu fupi za stenlesi zisizofika nusu ya ukuta. Kabla epoksi haijakauka, pitisha shafti kwenye bushi zote mbili ili zikae mstari mmoja.

Shafti ikiwa imelika mfereji unaoizunguka kama pete, usipime bushi kwa pete hiyo. Sehemu isiyolika iliyo juu yake haitapita. Ama bushi iwe ndefu ishike mahali pazima, ama ikatwe vipande viwili vinavyofungwa kuizunguka shafti. Kuchomelea na kukereza upya huku ubao umening'inia pembeni ni gharama, na joto linapinda shafti. Na ukiona vitundu vyeusi au ufa pale shafti inapoingia kwenye ubao, kazi ya bushi isimame hapo. Huo ni usukani wa kuja kukatika.

Shafti ya alumini ina tabia yake: unga mweupe unaojaa kwenye nafasi na kuibana. Hiyo huhitaji msasa laini na maji mengi yasiyo na chumvi, mara nyingi bila bushi mpya.

Usijaze grisi, hukamata mchanga. Nchi kavu kana itembee kwa kidole kimoja, mwisho hadi mwisho. Ijaribu tena boti ikikaa wiki moja majini, na tena baada ya mwezi. Ikiwa imekuwa nzito wakati ubao ni safi na hauna magamba ya baharini juu yake, tafuta kile kipande kilichobaki kwa fundi na ukitumbukize kwenye maji ya chumvi.