Nilipiga hesabu ya vifo, nikasahau kuuliza jeneza linanunuliwa wapi

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko kando ya barabara ya kupanda Marangu, Kilimanjaro. Mwaka 2023 nilipata mkopo wa kikundi nikaamua kuachana na makabati, nitengeneze majeneza tu.

Sikutaka kubahatisha. Matokeo ya Sensa ya 2022 yalikuwa yameshatoka, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeyashusha hadi ngazi ya kata. Nikachukua kata yetu na mbili za jirani, jumla watu kama 30,000. Kitaifa hukadiriwa vifo kama 6 kwa mwaka katika kila watu 1,000. Nikazidisha: 180 kwa mwaka, 15 kwa mwezi. Hata nikipata theluthi yake, nikajiambia, marejesho hayatanisumbua.

Nikapanga dukani majeneza manane ya paini na mawili ya mninga. Miezi mitatu nikauza matatu.

Na misiba ilikuwepo! Kila Jumamosi turubai halikosi mtaani. Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hao unaowasubiri wewe wanakuja na majeneza yao. Wa juzi katoka Dar, wa jana Arusha. Hata bibi wa hapo chini alifia hospitali mjini, wakamnunulia huko huko, akavikwa, akaletwa."

Nikarudi kwenye takwimu zile zile kwa jicho jingine. Mkoa wetu ulikuwa na watu 1,640,087 mwaka 2012, na 1,861,934 mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa 3.2. Watoto wetu wamehama, ila kuzikwa wanarudishwa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Sensa ilimwandika mtu pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Mimi nilihitaji kujua atalazwa wapi, na hilo halimo kwenye jedwali lolote. Dini nayo haimo. Sensa ya mwisho kuiuliza ilikuwa ya 1967, nami katika zile 180 nilikuwa nimewajumlisha hata majirani zangu Waislamu, ambao jeneza lao ni la msikiti, likishamfikisha maiti makaburini linarudishwa.

Basi nikanunua daftari. Kwa miezi sita kila msiba niliouhudhuria, au kuusikia kwenye matangazo ya kanisani, niliuandika: marehemu kafia wapi, jeneza limetoka wapi, viti vingapi, turubai la nani, kaburi limejengewa au bado. Mama alipoliona alinigombeza kweli. "Unawahesabu wazee wa watu wakiwa hai?" Nikamweleza kwamba wazee siwaandiki, naandika viti. Hakuridhika, na sina hakika kama mimi mwenyewe niliridhika.

Daftari lilinionyesha mambo mawili. Viti na maturubai karibu yote yalikodiwa Himo au Moshi mjini, na mfiwa analipia pia gari la kuvileta. La pili ndilo lililonitoa: makaburi mengi yalibaki udongo na msalaba wa mbao hadi Desemba, watoto wanapopanda nyumbani kwa Krismasi. Hapo ndipo wanachanga, wanajengea, wanaweka marumaru. Kwa hiyo vifo vinatawanyika mwaka mzima, lakini fedha ya kaburi inakuja kwa wiki tatu.

Nikauza mashine moja ya randa, nikanunua viti 150 na maturubai mawili. Kwa makaburi nimeungana na fundi mwashi, kijana wa hapa hapa. Kuanzia Oktoba tunapiga simu kwa familia zilizozika mwaka huo, kwa adabu, tukiwauliza wanatarajia kuja lini. Wengine hukata simu. Saruji naagiza Novemba, kabla bei haijapanda.

Majeneza mawili ya mninga yalibaki, nikayafunika nyuma ya karakana. Mwezi uliopita mtu aligonga usiku, baba yake amefia nyumbani. Sasa limebaki moja.